Mchuzi Mweusi wa Shela

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, msichana wa Amu ambaye baba yake alimruhusu kufundisha kwa masharti. Kwenda hotelini hakukuwamo katika ruhusa hiyo. Lakini Jumatano moja mkuu wangu aliniambia, "Leo tunakula hotelini Shela," nami nikashindwa kukataa.

Mke wa mwenye hoteli alitoka Meksiko, na kila Jumatano adhuhuri alipika vyakula vya kwao, wageni wote wakila meza moja. Ilikuwa hoteli ya wakubwa: vitambaa vyeupe, bilauri zenye miguu mirefu. Nilikaa nimelikaza buibui langu shingoni. Niliogopa uma, niliogopa kuku aliyekuwa akinukia jikoni, na zaidi niliogopa mtu wa Amu apite ufuoni anione.

"Kuku kachinjwa na nani?" nilimnong'oneza mwalimu mkuu.

Akauliza kwa sauti! Nilitamani kuingia chini ya meza. Yule mama wa Kimeksiko akacheka. "Mpishi mwenzangu, wa hapa Shela. Ni haji."

Vikaja vichapati vyembamba vya unga wa mahindi, maharage, na kuku ndani ya mchuzi mweusi, mzito. Watu wakachovya kwa mikono katika sinia moja, kama arusini. Nikaanza kupumua.

Mwalimu alikula vipande viwili, akajikuna shingo. Kisha akajishika koo.

"Umepaliwa?"

Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa ikivimba mbele ya macho yangu, na pumzi ikatoka kwa mluzi.

"Njugu," alisema kwa tabu. "Kuna njugu?"

Yule mama akajishika kichwa. Zilikuwamo, zimesagwa pamoja na pilipili na ufuta.

Walimbeba hadi kwenye boti ya injini ya hoteli, apelekwe hospitali ya Amu. Hakuna aliyeniuliza kama nakwenda. Mwalimu alikuwa ameung'ang'ania mkono wangu. Njia nzima kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Kila mluzi ulipokatika, nami nilikatika moyo mpaka urudi. Nilisoma Ayatul Kursi, nikakumbuka kuwa mwalimu ni Mkristo, nikaendelea kusoma.

Gatini Amu alikuwapo baba yangu, fundi seremala, akipakia mbao mkokotenini. Macho yetu yakakutana. Buibui lilikuwa limeniangukia mabegani, kichwa wazi, natoka Shela kwa boti ya hoteli. Nilitaka kujificha nyuma ya nahodha. Hapo mkono wa mwalimu ukalegea ndani ya wangu.

"Baba!" nikapiga ukelele. "Anakufa!"

Hakuuliza kitu. Aliuinamisha mkokoteni, mbao zikamwagika, tukamlaza mgonjwa juu yake. "Pisheni ndia!" alinguruma, akausukuma mwenyewe hadi hospitali.

Wauguzi wakamwingiza ndani kumdunga sindano. Mimi nilikaa chini ukumbini, baba kando yangu. Sijui tulikaa kwa muda gani. Hatimaye tulimsikia mwalimu akikohoa, kisha akiomba maji.

Baba akainuka, akajikung'uta vumbi la mbao. "Kesho mshikie darasa lake," akasema. "Na siku nyengine ukenda mahali, niambie."

Niliitikia kwa kichwa. Mwalimu alirudi shuleni Jumatatu, jicho moja bado limevimba. Mimi wiki nzima nilikuwa nikishtuka kila mtu akikohoa darasani.