Mtungi Uliofunikwa Kitambaa

Juzi kliniki, huku Gongoni, nesi alimpima mwanangu kifua, akauliza, "Mama, nyumbani unapikia nini?"

Nikajibu haraka haraka, tuna gesi, baba yake alileta mtungi.

"Sijauliza mna nini. Unapikia nini?"

Nikaanza kumfunga mtoto vifungo vya shati. Bibi mmoja kwenye benchi akacheka taratibu. "Mwambie tu, mjukuu wangu. Hata mtungi wangu uko sebuleni, nimeufunika kitambaa cha kufuma, na maua juu."

Nikasema ukweli: naogopa mtungi utalipuka, basi napikia mkaa, na mvua ikinyesha jiko naliingiza chumbani, nafunga na dirisha. Nesi akaacha kuandika.

Mtungi niliuogopa tangu siku ulipoingia. Mkaa sikuuogopa hata siku moja, na ndio niliouweka karibu na kitanda cha mwanangu.