Wanasema Nina Mimba, Kumbe ni Kitambaa cha Moyoni

Nifichieni jina, tafadhali, maana Pemba ndogo na kila mtu ana simu. Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa mwaka wa pili huu, naishi na mavyaa wangu, mama wa mume, upande wa Mkoani. Mume yuko dago, kambi ya wavuvi, anakaa huko wiki nzima nzima na simu yake mara inashika mara haishiki.

Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilipasuliwa moyo ng'ambo, kwa msaada wa wafadhili. Kabla ya kunifunga, madaktari waliufunika moyo kwa kitambaa chembamba cha plastiki, ili usigandane na mfupa wa kifua, pengine siku moja nikahitaji kupasuliwa tena. Nikapona, nikawa mzima kama wenzangu. Ilipokuja posa, mama akanikalisha chini. "Ukitaja moyo hutaolewa. Kovu hilo sema ulianguka mkarafuuni, tawi likakuchana." Na nani angebisha? Kwetu kila nyumba ina mtu aliyeanguka mkarafuuni. Mume wangu alipoliona alinionea huruma kweli. "Pole mke wangu, tawi lile lilikuwa likumalize." Nikaitikia ndiyo, na wala ulimi haukunikwama.

Mwaka huu miguu ikaanza kuvimba. Nikiteka ndoo moja tu pumzi inanikatika. Tumbo likaja mbele, siku zangu zikaruka. Mavyaa akanitazama, akapiga kigelegele peke yake jikoni. "Mkaza mwanangu, usiniambie!" Sikumwambia. Nilipima kwa siri, mimba hakuna, lakini kigelegele kishapigwa, ningekirudisha vipi? Sasa kashaweka doti tatu za kanga, kashapanga na mama yangu siku ya kunirudisha nyumbani, maana mimba ya kwanza kwetu mtu huzalia kwao. Majirani wananiletea maembe mabichi na mie nayala, jamani. Nimekuwa muongo hadi wa kutafuna.

Nilikwenda hospitali kwa kisingizio cha kliniki ya wajawazito. Wakanipiga picha ya moyo. Daktari akanieleza polepole, "Mwili wako umekizungushia kitambaa kile kovu gumu. Linaubana moyo, haujai damu sawasawa, ndiyo maana maji yanakaa tumboni na miguuni. Vidonge vitapunguza maji tu. Lazima kifua kifunguliwe tena, kitambaa kitolewe." Nikamuuliza, nikikaa hivi hivi je? Akasema, "Usikae." Kumbe kile nilichowekewa kwa ajili ya kupasuliwa tena, ndicho kinachonirudisha kupasuliwa! Nikacheka, daktari akadhani nimerukwa na akili.

Barua ya rufaa iko chini ya godoro. Jumatatu natakiwa nivuke bahari kwenda kwenye hospitali kubwa, pamoja na ndugu wa kunisindikiza na kutia saini. Nimempigia mume, hapatikani. Nimempigia mama, kanijibu, "Ukisema sasa wataniona mie ndiye muongo, na wewe utaachwa." Nikamwambia, "Na nikifa, mama?" Akakata simu. Nimepiga tena mara nne, hapokei.

Jana mavyaa kanilaza mkekani akanipaka mafuta ya nazi tumboni, kwa mkono mwepesi sana. Bi huyu hajanitenda ubaya hata siku moja, wallahi. Angekuwa mkali ningejua pa kuanzia. Akaniuliza, "Anacheza?" Nikamwambia, "Anacheza." Akalia kwa furaha, akaliinamia tumbo langu na kuliita kwa jina la marehemu mumewe.

Mnaosoma hapa, msinitukane sana, pumzi ya kujibu sina. Naogopa kufa na naogopa kusema, na Jumatatu ni keshokutwa. Nishaurini: nikikaa na mavyaa kesho asubuhi, nianze na lipi? Kwamba nakwenda kupasuliwa kifua, au kwamba huyo aliyemwita jana hayupo?