Mkate Alioupika Mama kwa Kusikiliza

Mama alipopoteza macho kwa ugonjwa wa presha ya macho, nilimtoa Sindo nikamleta kwangu Migori mjini. Kule Sindo alikuwa ameoka mikate kwa miaka mingi, sufuria juu ya jiko na makaa mengine juu ya kifuniko, na watu waliichukua mikononi mwake ikiwa bado ya moto. Kwangu hakuwa na kazi. Alikaa sebuleni na redio yake, akiniuliza kama nahitaji msaada, nami nikimwambia apumzike. Neno hilo hakulipenda.

Kisha dada yangu anayefanya kazi Uarabuni akatutumia mashine ya kuokea mkate, aliyoichukua kwa jirani aliyekuwa akihama. Unatia maji, unga, hamira na vikorokoro vingine, unafunga, unabonyeza. Yenyewe inakanda, inaumua, inaoka. Ndivyo alivyotueleza kwa simu. Mkate wetu wa kwanza ulitoka mgumu kama tofali, unga mkavu umebaki kwenye pembe.

"Imekufa hii," nikasema. "Nitaipeleka kwa fundi."

"Ngoja, nyathina." Hivyo ndivyo anavyoniita, mwanangu, kwa Dholuo. "Iwashe tena nisikie."

Nikatia unga mwingine. Mama akavuta kiti, akaweka sikio karibu na kifuniko, na mimi nikaiwasha.

"Mota inazunguka," akasema, "lakini unga haugongi ukuta. Unga ukikandwa unasikika: pu, pu, pu. Huu umelala."

Nikachomoa waya kwenye stima, nikatoa chombo cha ndani. Chini yake kuna kichuma chenye umbo la pezi la samaki, na hicho ndicho kinachokanda. Tundu lake lilikuwa limejaa unga wa zamani uliokauka, kwa hiyo hakikukaa sawasawa: chuma cha kukizungusha kilizunguka chenyewe, pezi likasimama. Nikakiloweka katika maji ya moto, nikachokonoa tundu kwa kijiti cha meno mpaka likawa safi. Nilipokirudisha, kilishuka hadi chini kabisa. Nikawasha. Pu, pu, pu. Mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu atoke Sindo.

Hata hivyo, mkate huo uliumuka mpaka ukagusa kifuniko, na ulipoanza kuiva ukabonyea katikati. Nilikuwa nimefuata kipimo cha kijitabu kilichokuja na mashine bila kuongeza wala kupunguza.

Tulipojaribu tena, Mama aliniambia nifungue wakati unga unaumuka. Akanawa mikono, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Unakimbia mno," akasema. "Kipimo hicho ni cha watu wa baridi. Kwetu joto lenyewe ni hamira. Kesho tia kidogo, na maji yawe ya mtungini, si ya uvuguvugu."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na wanawake wa kanisa lake walikuwa wanatoka Sindo kuja kumpa pole. Nilitaka kununua mkate wa dukani, uwe wa akiba. Mama akakataa katakata.

Asubuhi tukapima upya. Nyumba ilipojaa harufu nikafungua kifuniko. Nikamshika mkono nikauweka karibu, asikie joto. Mkate ulikuwa umetuna vizuri, mgongo wake kahawia.

Wageni waliingia wakizungumza kwa sauti za chini, kama watu wanaoingia kwenye matanga. Mmoja alimshika Mama mikono akaanza kulia.

"Kaeni, mle kwanza," Mama akawaambia. Akaukata mkate mwenyewe, akipima kila kipande kwa kidole gumba.

Aliyekuwa akilia akatafuna, akatulia. "Mmenunua wapi mkate huu?"

"Tumeuoka. Mimi na binti yangu."

"Wewe? Na macho haya?"

"Yeye ndiye aliyeitengeneza mashine," Mama akasema, akinielekezea kidevu. "Mimi niliisikiliza tu."

Pole zikaishia hapo. Mwingine akauliza kwa nini maandazi yake hunywa mafuta, mwingine akasema mkate wake hupasuka juu, na Mama akawajibu mmoja mmoja, akiwauliza maswali, akiwakatiza, sauti yake imepanda kama ya mwenye duka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Sikutaka kupita mbele yake akiwa anazungumza.