Kijana wa Ng'ombe Aliyetaka Mashua

Nilifunga safari ya Homa Bay kwa sababu Gasana alikataa ng'ombe wangu. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Gasana alikuwa kijana wa Rwanda aliyekimbia machafuko ya kwao, akapita Tanganyika, akafika kwangu Migori. Kila jirani akasema, huyo Mnyarwanda mpe ng'ombe achunge. Nikampa. Alichunga vizuri, sitasema uongo, lakini siku moja akaniambia, "Mzee, ng'ombe wa baba tuliwaacha mpakani. Nataka kazi ninayoweza kukimbia nayo. Nataka kuunda mashua."

Asubuhi, Migori. Tulipanda lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia. Tulipofika Rongo, lori likasimama injini ipoe. Mimi nikala ndizi, maana safari hunitia njaa hata kabla ya kuanza. Yeye akachonga kijiti. Kwao alikuwa akichonga vyombo vya maziwa.

Mchana, Homa Bay. Binamu yangu Okelo, fundi wa mashua, alitupokea nyumbani kwake karibu na ziwa. Kwetu Wajaluo mgeni hasemi shida yake kabla ya kula. Mkewe akaleta samaki, ngege mzima na kichwa chake. Hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimemwambia Okelo: watu wa kina Gasana hawali samaki. Kijana akakitazama kile kichwa, nacho kikamtazama. Akala ugali mtupu.

Okelo akanawa mikono. "Omera, ndugu yangu," akaniambia, "umeniletea fundi wa mashua anayeogopa samaki?"

Gasana akajibu polepole, "Baba, fundi wa majeneza naye huonja kifo kwanza?"

Mama wa nyumba akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Okelo hakucheka. Akampa tezo na ubao. "Chonga."

Jua liliposhuka, Okelo akaulaza ule ubao ubavuni mwa mwingine, akachungulia katikati. Mwanga haukupenya.

"Nani alikufundisha?"

"Vyombo vya maziwa, Baba. Kule tunazuia yasitoke. Hapa ni maji yasiingie."

Okelo akamgeukia mkewe. "Min Atieno, kesho mpikie huyu maharagwe."

Nilirudi Migori peke yangu, nikachunga ng'ombe mwenyewe, na jua la Migori unalijua. Huko nyuma ya mikia ndiko nilikoelewa: tulimwuliza Gasana ametoka wapi, tukadhani tumemwuliza anakwenda wapi.