Ushuru wa Mchele na Shamba la Bondeni

Siku rais aliposaini sheria ya kupandisha ushuru wa mchele wa kutoka nje, baba alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Mbingu akipaza sauti kana kwamba huku Ifakara ninakoishi hakuna mtandao.

"Amesaini! Mwanangu, amesaini!"

Nyuma yake nilisikia vigelegele. Nami nilifurahi, kwa nini nidanganye? Misimu miwili mfululizo mchele wa nje ulikuwa umejaa Dar es Salaam, mweupe, rahisi, usio na harufu hata ukiuweka puani. Wanunuzi waliofika kwetu walitoa bei ya kutupa, tena kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Baba akawa hana hata fedha ya kukodi trekta la msimu ujao, na kwa umri wake jembe la mkono lisingemfikisha popote. Jirani yake, mfanyabiashara, alikuwa analitaka shamba lake la bondeni, lile alilotulelea sote. Baba alimjibu, "Njoo baada ya mavuno." Maana yake tuliijua. Mavuno yakilipa, jirani anarudi mikono mitupu. Yasipolipa, shamba linakwenda.

Kwa hiyo sheria ile kwetu haikuwa habari ya redioni. Mheshimiwa mbunge alikuwa ameitumia kuombea kura tangu kampeni, akisimama juu ya gari na kushika mchele wetu mkononi, akiunusa mbele ya watu. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Muswada ukaenda bungeni, ukakaa, ukasahaulika. Uchaguzi mwingine ulipokaribia ukakumbukwa, ukapita, ukasainiwa.

Sasa, watu wa kwetu wana desturi moja. Mavuno huwekwa yakiwa mpunga, na maganda yake. Mpunga unavumilia: unakaa ndani mwaka mzima na harufu yake haiendi kokote. Ukishakoboa ukawa mchele, umeshajifunga. Wadudu wanakuja, harufu inapungua, na mnunuzi anajua huwezi kusubiri. Mtoto wa Mbingu hafundishwi jambo hili shuleni. Lakini wiki ile ya furaha, wazee waliolijua kuliko mtu yeyote walibeba mpunga wao kwenda mashineni. Kila mmoja aliogopa magari ya wanunuzi yafike yamkute hajakoboa, wenzake wauze kwa bei mpya yeye akiwa bado anapanga foleni. Mashine haikupoa. Pumba zilirundikana nje mpaka zikaziba njia. Baba alikoboa wote, akabakiza wa mbegu tu.

Magari hayakuja. Tulisubiri, tukasubiri. Mnunuzi mmoja alifika, akachoma bambo, chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia la baba, akatoa punje kiganjani, akazisifu, kisha akataja bei ileile ya kutupa. Baba alicheka, akidhani anataniwa.

Nilikwenda kumwona mtu niliyesoma naye, ambaye siku hizi anafanya kazi na mheshimiwa. Alinikaribisha soda, akanieleza kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko jeuri.

"Dada, sheria ipo, ni ya kweli. Ila waagizaji waliokuwa na vibali kabla ya kusainiwa wameruhusiwa kumaliza mizigo yao kwa ushuru wa zamani."

"Vibali vya kiasi gani?"

"Vya kutosha." Alitazama mlango. "Mijini watu wanakula wali kila siku, na ni wengi kuliko nyinyi. Bei ingepanda ghafla kabla ya uchaguzi, nani angekubali? Wafanyabiashara nao walikataa katakata. Bila kipengele hicho isingesainiwa kabisa. Nyinyi mmepewa sheria, wao wamepewa muda."

"Na mheshimiwa alijua?"

"Dada, kunywa soda."

Asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulikuwa kwenye picha za kampeni, mezani hatukuwepo. Nilitoka pale nimejaa hasira na sikujua nimpelekee nani. Nimgombeze rais? Ametimiza. Mbunge? Ametimiza. Ukitaka kumnyamazisha mkulima, mpe alichoomba, umpe kimechelewa. Nilimpigia baba nikamweleza, naye akaniuliza swali moja tu: je, mchele unaweza kurudishwa kuwa mpunga? Alikuwa anatania. Nililia kwenye bajaji.

Wadudu walipoingia kwenye magunia, baba aliuza kwa bei aliyotajiwa. Jirani alikuja baada ya mavuno, kama alivyoambiwa, akapiga hodi kwa adabu zote na kuamkia, "Shikamoo mzee." Ndugu zangu nami tulichangishana fedha za kulimia msimu ujao, hatukufika hata nusu. Shamba likaenda.

Msimu uliofuata mizigo ya vibali iliisha, na sheria ikaanza kufanya kazi kama tulivyoahidiwa. Mpunga ukiwa bado shambani wanunuzi walishafika Mbingu, wakigombania mavuno yatakayokuja, wakitaja bei ambazo sikuwahi kuzisikia. Nilipanda basi kwenda kumsalimia baba. Nyumbani sikumkuta, mama alinielekeza bondeni bila kunitazama usoni.

Nilimkuta juu ya kichanja, katikati ya mpunga uliokuwa unaanza kuiva, akiamia ndege. Jirani alikuwa amempa kibarua cha kuwafukuza. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea nafasi nikae. Nilianza kuitukana ile sheria na wote walioigusa.

"Acha hivyo," alisema baba. "Sheria ni nzuri. Si unauona mpunga wenyewe?"

Kundi la ndege likashuka upande wa mtoni. Baba alisimama, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, akiwafukuza wasile mali ya mtu.