Zombi wa Saa Saba

Everlyn wa mtaa wa Jamhuri analinda seva za kampuni ya kupangisha nyumba, orofa ya nne, katikati ya jiji. Kazi hiyo haina shukrani. Tovuti ikifunguka, hakuna anayemkumbuka. Ikikwama, hata mpika chai ana maoni.

Na ilikuwa ikikwama kila Jumatano na Ijumaa, saa saba mchana. Programu zinazoita picha za nyumba ziliganda mamia kwa mamia, zikingoja jibu kutoka stoo ya picha, mashine iliyofungiwa kabatini kule korido. Wateja wakawa wanaona ukurasa mweupe, wanapiga simu kufoka.

"Si uue hizo vitu tu?" bosi wake, Karanja, alimwuliza Ijumaa moja asubuhi.

"Haziuliki, boss. Zikingojea stoo hivyo, hazisikii mtu. Ni kama zombi."

Neno hilo ndilo lililomponza. Millicent wa uhasibu alilidaka, na kufikia saa nne ofisi nzima ilijua kuna zombi kwenye seva. Karanja naye akaongeza lake: ikikwama tena leo, mkataba wa Everlyn ukiisha hauongezwi.

Saa saba ikakwama. Jamani! Everlyn alikimbilia kabatini, akakuta stoo inanguruma vizuri, taa zote kijani. Akaanza kufuata waya kwa mkono, ukutani, chini ya zulia, hadi chumba cha mikutano. Wenzake, Karanja akiwemo, walikuwa kwenye maombi ya lanchi, yale ya kila Jumatano na Ijumaa. Yeye hajawahi kuyahudhuria, kwa sababu saa hiyo ndiyo huwa anahangaika na seva. Aliingia bila kubisha.

Pembeni, kisanduku kinachounganisha seva na stoo kilikuwa kimezimika. Plagi yake ilikuwa imelala sakafuni, na kwenye soketi yake wamechomeka spika.

"Baba, tunakemea hao zombi!" Millicent alikuwa akipaza sauti kwenye maiki, amefumba macho. "Okoa kazi ya dada yetu Everlyn!"

Hasira zilimpanda Everlyn hadi machozi yakamlengalenga. Akaichomoa spika, akachomeka kisanduku. Millicent akaendelea bila maiki, na sauti haikupungua hata kidogo.

Simu ya Karanja ikatetemeka. Akaisoma, akaruka. "Tovuti imerudi! Zombi wametoka!"

"Haleluya!" chumba kizima kikaitikia.

"Lakini boss, ni hii plagi..."

"Everlyn, usimnyime Mungu utukufu. Mkataba wako nimeongeza. Na kuanzia Jumatatu tunaomba kila siku."

Millicent alikuja kumkumbatia, analia kwa furaha.

"Amina," Everlyn akasema.

Jioni alipitia maduka ya umeme ya Luthuli akawanunulia ekstensheni ya soketi nyingi, kwa pesa zake mwenyewe.