Jina la Kiini cha Khattab

Mazoon alikuwa akichagua mchele nyumbani kwao Al Qabil simu ilipolia. Alikuwa Laith, aliyefanya kazi na kaka yake Khattab mjini Nizwa. Khattab ameanguka asubuhi, akasema, na hospitali hawakumuwahi.

"Inna lillahi," Mazoon akasema, akakaa pale pale chini.

"Dada, kompyuta yake iko kwenu?"

Swali hilo lilimchoma. Mtu hata hajaoshwa, anaulizia kompyuta? Akaitoa chumbani kwa kaka yake, akaifungia kwenye sanduku la nguo.

Khattab hakuwa msemaji. Miaka minne, kila Ijumaa, alikaa sebuleni akiandika kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani ya kompyuta inayoamua programu ipi ifanye kazi na ipi ingoje. Wazo alilipata kwenye falaj, mfereji wa maji ya mashamba, kwa kumtazama msimamizi akimpa kila mwenye shamba muda wake wa maji. Akakiita Zamu. Baadaye Mazoon alikiona mtandaoni kimeandikwa Khattab, akafurahi, wala hakuuliza.

Laith alikuja na gari lililoleta maiti.

"Dada Mazoon, nataka kuliondoa jina lake kabla hajazikwa. Halibadiliki bila kompyuta yake na neno langu la siri, vyote viwili pamoja."

"Unamfuta ndugu yangu hata mchanga hajatiwa?"

"Jina nililiweka mimi. Siku ya kukitoa mtandaoni yeye alikuwa msikitini. Niliona Zamu halivutii, nikaandika Khattab. Kila akiniambia nirudishe, namcheka. Juzi alikasirika. Sikuwahi kumtaka radhi."

"Na shahidi wako nani? Maiti?"

Laith akamnyooshea simu asome ujumbe wa Khattab. Mazoon hakuipokea.

"Hiyo yako. Itasema utakalo."

Akaingia ndani, akafungua sanduku, kisha kompyuta. Neno la siri kaka yake alimpa mwenyewe. Ujumbe alioutuma juzi ulikuwemo: "Laith, ondoa jina langu. Naogopa ria. Watu wakinufaika, inanitosha."

Akausoma mara tatu. Khattab hakuacha mtoto. Likiondoka jina lile, watu watamtaja kwa lipi? Alitaka kuifunga kompyuta na kunyamaza. Lakini aliyeogopa kufika mbele ya Mola wake na dhambi ya kujionyesha kwa watu ni yeye, na sasa ndiko anakokwenda.

Akaiweka kompyuta mezani barazani. "Ami Khalaf," akamwambia ndugu wa baba yao, "kaa naye hapa. Usimuondolee macho."

"Nimwangalie nini? Mimi hata simu huwashiwa."

"Mikono yake, ami."

Laith akaandika Zamu, jina la Khattab likatoka. Mazoon akahakikisha mwenyewe, akaichukua kompyuta kabla Laith hajainuka.

"Mimi nimekusamehe. Yeye mwombee. Na hii haitoki humu ndani."

"Sikuitaka, dada."

"Vyema."

Khattab alipokwisha kukafiniwa, wanawake wakaitwa kumuaga. Mazoon akamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi, likinukia kafuri. "Nimekuradhia, kaka," akasema. "Nawe niradhie." Ami Khalaf akaufunika uso. Wanaume wakainua jeneza, Laith akishika upande wa nyuma, wakaenda kumsalia msikitini. Mazoon akabaki mlangoni na wanawake wenzake mpaka msafara ulipopotea nyuma ya mitende. Akazikwa baada ya Alasiri.